Ngome Mbili na Swali la Binti Yangu

Likizo ya Juni tulifunga safari ya kifamilia kutoka Mbalizi kwenda Iringa. Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka kumi na miwili, na mdogo wake wa kiume wa miaka minane. Mke wangu ni Mhehe, mzaliwa wa Iringa, na watoto walikuwa wanakwenda kumsalimu bibi yao. Lakini nilikuwa nimewaahidi jambo jingine. Niliwaambia kwamba tutautembelea kwa miguu mji wa kale uliozungushiwa ukuta, mji ambao jeshi la Ulaya halikuweza kuuingia bila mizinga. Mdogo akauliza kama ukuta huo ni mrefu kuliko ule wa kiwanda cha saruji kule Songwe. Nikamjibu kwamba tutaona.

Ndugu msomaji, jibu langu halikuwa la kweli. Nilijua kwamba hatutaona. Nimefundisha historia ya kipindi kile kwa miaka mingi, na ninafahamu kilichobaki Kalenga. Nilitaka tu watoto wafike wasimame pale kwa miguu yao wenyewe. Sikujua kwamba binti yangu angeniuliza swali ambalo mihadhara yangu yote haikunitayarisha kulijibu.

Njia inayopita Usangu

Anayetoka Mbalizi kwenda Iringa hupanda mteremko wa Iwambi, akapita Mbeya na Uyole, kisha akaanza kushuka taratibu kuelekea Igurusi, Chimala na Igawa. Hapo baridi ya milimani hupungua, na upande wa kushoto hufunguka uwanda mpana wa Usangu wenye mashamba ya mpunga yasiyokwisha. Upande wa kulia milima hubaki imesimama kama ukuta. Baada ya Igawa barabara hupanda tena hadi Makambako na Mafinga, penye misitu ya misindano, na baridi hurudi. Safari yote ni zaidi ya kilomita 300.

Tulipofika Chimala niliwaonyesha watoto uwanda ule. Nikawaambia kwamba bibi yangu mzaa baba alikuwa Msangu, na kwamba huku ndiko kwao wa asili, ingawa yeye alizaliwa na kuzikwa kwetu, Usafwa. Binti yangu akauliza, "Sasa walifikaje Mbalizi?" Nikamwambia kwamba ni habari ndefu. Leo ninakiri kwamba pale ndipo nilipopaswa kuanzia. Sisi walimu tuna tabia ya kuyaita marefu yale mambo ambayo hatujayapanga vizuri vichwani mwetu.

Mji unaobeba jina la ukuta

Iringa ni jina la ukuta. Limetokana na neno la Kihehe, *lilinga*, maana yake ngome. Ngome yenyewe haikuwa juu ya mlima palipo na mji wa leo. Ilikuwa Kalenga, kiasi cha kilomita 15 kutoka mjini, kando ya Mto Ruaha Mdogo, kwenye njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wajerumani walipoibomoa, walihamishia utawala wao mahali pengine mwaka 1896, wakajenga boma jipya, na jina la ngome iliyokufa likahamia kwenye mji wa walioiua. Kila asemaye leo kwamba anakwenda Iringa anautaja ukuta wa Mkwawa pasipo kujua.

Tulifika Kalenga asubuhi, ukungu ukiwa bado mtoni. Mama mkwe aliamua kufuatana nasi. Njiani kila aliyekutana naye walisalimiana "kamwene," na mjukuu wake mdogo akajifunza kuitikia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Tulianzia kwenye jumba dogo la makumbusho, yalipohifadhiwa mikuki, ngao, bunduki, na fuvu la Mkwawa ndani ya kioo. Watoto waliokuwa wakipiga kelele tangu alfajiri walinyamaza. Mke wangu alisimama kando ya mlango. Baadaye aliniambia kwamba tangu utoto hajawahi kulitazama fuvu lile kwa zaidi ya dakika moja.

Kisha tukaanza kutembea. Niliwaeleza watoto kwamba mahali hapa, katika miaka ya 1880, Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba, tunayemwita Mkwawa, aliagiza mji mkuu wake uzungushiwe ukuta wa mawe na udongo. Kimo chake kilikuwa kama cha watu wawili wakisimamishwa mmoja juu ya mwingine, na mzingo wake ulikuwa wa kilomita kadhaa. Ndani mlikuwa na nyumba, mifugo, ghala la baruti na pembe za ndovu. Kazi hiyo iliwachukua watu wake miaka kadhaa. Huo haukuwa uzio wa kijiji. Ulikuwa mradi wa dola yenye uwezo wa kukusanya nguvukazi, kuilisha na kuiamuru.

Tulitembea kutwa. Tulipita kati ya nyumba za matofali, mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mbuzi waliofungwa kwenye vigingi, na watoto waliotufuata kwa udadisi. Hapa na pale ardhi imeinuka kidogo, na mwenyeji atakwambia kwamba ukuta ulipita hapo. Mwanangu wa kiume alipanda juu ya kimojawapo cha vichuguu hivyo, akatazama huku na huku, akauliza, "Baba, ukuta uko wapi?" Nikamwambia amesimama juu yake. Akashuka haraka, kana kwamba amekanyaga kaburi.

Kilichotokea Lugalo na Kalenga

Kwa wanafunzi wanaosoma ukumbi huu, acheni niyapange matukio kwa ufupi.

Munyigumba alifariki mwaka 1879. Kabla ya hapo alikuwa ameziunganisha koo na himaya ndogo nyingi za Uhehe chini ya utawala mmoja, kwa ushawishi na kwa vita. Baada ya mvutano wa urithi, Mkwawa alishika hatamu, akaendeleza kazi ya baba yake. Alipigana na Wangoni upande wa kusini, na Wasangu upande wa magharibi, na akazitawala njia za misafara iliyotoka pwani. Wajerumani walipodai kuwa nchi yote ni yao, walikutana na mtu aliyekuwa akidai vivyo hivyo, mwenye jeshi la kuthibitisha madai yake.

Mwaka 1891 kamanda wa jeshi la kikoloni la Kijerumani, Emil von Zelewski, aliyepewa na wenyeji jina la Nyundo, aliingia Uhehe akichoma vijiji. Tarehe 17 Agosti, kule Lugalo, mashariki ya Iringa ya leo, Wahehe waliokuwa wamejificha kando ya njia waliushambulia msafara wake kwa mikuki zaidi kuliko kwa bunduki. Zelewski aliuawa pamoja na maofisa wake kadhaa na askari zaidi ya 200. Wengi wa askari hao walikuwa Waafrika walioajiriwa kutoka Sudan na kusini mwa bara hili. Wahehe wenyewe walipoteza watu wengi mno, na inasimuliwa kwamba Mkwawa alikataza maombolezo ili adui asijue kina cha jeraha.

Wajerumani walirudi baada ya miaka mitatu, wakiongozwa na Gavana Friedrich von Schele mwenyewe. Pamoja naye alikuwamo ofisa Tom von Prince, aliyejulikana kwa jina la Bwana Sakarani. Waliipiga Kalenga kwa mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakauvunja ukuta na kuingia. Mapigano yakawa ya nyumba kwa nyumba. Mji ulianguka, lakini Mkwawa hakupatikana. Kwa karibu miaka minne aliendesha vita vya msituni. Dau la rupia 5,000 liliwekwa juu ya kichwa chake, na hatimaye, tarehe 19 Julai 1898, kikosi cha Wajerumani kilipomkaribia kule Mlambalasi, alijipiga risasi ili asishikwe akiwa hai. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Haya yote niliwasimulia watoto tukiwa tumekaa chini ya mti, mama mkwe akituganyia mahindi ya kuchoma. Alikuwa akitikisa kichwa kila nilipotaja jina la Mkwawa, kama mtu anayesikia habari za jamaa yake wa karibu. Ndipo binti yangu akauliza swali lake.

"Baba, wakati wa vita hivyo, sisi tulikuwa upande gani?"

Swali lisilo na jibu la haraka

Mama mkwe alicheka. "Ninyi ni wajukuu wa Mkwawa," akasema, "kuna upande mwingine?" Mke wangu akanitazama. Yeye anajua kwamba bibi yangu alikuwa Msangu, na kwa miaka kumi na mitano ya ndoa yetu jambo hilo limekuwa chanzo cha utani mwingi mezani. Safari hii hakuna aliyetania. Mtoto alikuwa anauliza kwa dhati.

Jibu rahisi lilikuwepo. Ningeweza kusema kwamba sote tulikuwa Watanganyika tukipambana na mkoloni. Ndivyo tunavyoandika kwenye mbao za matangazo, na ndivyo wengi wetu tulivyosomeshwa. Lakini mwaka 1894 hapakuwa na Tanganyika ya kuwa upande wake. Jina hilo lilipewa nchi hii na Waingereza baada ya vita kuu ya kwanza. Kulikuwa na Wahehe, Wasangu, Wasafwa, Wabena, Wangoni, Wakimbu, kila mmoja na hofu zake, na kwa wengi wao hofu ya jirani ilikuwa imetangulia hofu ya Mzungu.

Nikamwambia, "Nitakujibu tukifika nyumbani, maana sehemu ya jibu iko Mbalizi."

Ukuta wa pili

Wakazi wengi wa Mbalizi hawajui kwamba kata yao inabeba jina la mji mkuu wa kale. Tunasema Utengule Usongwe tunapoandika barua za utambulisho, tunapogombea udiwani, tunapodai barabara ya lami, na hatujiulizi kwa nini jina Utengule lipo pia kule Usangu, umbali wa safari nzima.

Sababu ni hii. Wasangu, chini ya watawala wao waliobeba jina la Merere, walikuwa dola yenye nguvu katika uwanda ule tulioupita Chimala. Kabla Wahehe hawajawa tishio, Wasangu ndio waliokuwa tishio kwa wengine. Munyigumba aliijenga nguvu yake kwa kupambana nao, na kwa kujifunza kwao namna ya kupanga jeshi. Katika miaka ya 1870 mizani iligeuka. Konsuli wa Uingereza, Frederic Elton, alipopita kwa Merere mwaka 1877, alikuta mji wake umezingirwa na maadui, akalazimika kungoja. Hatimaye Wahehe waliwasukuma Wasangu kutoka kwenye uwanda wao. Merere akakimbilia magharibi, hadi Usafwa, chini ya milima ya Mbeya. Huko akajenga mji mwingine wenye ukuta wa mawe, akaupa jina la mji alioupoteza: Utengule.

Ukuta huo ulijengwa juu ya ardhi ya Wasafwa, wenye nchi, ambao waligeuka kuwa raia wa mgeni mwenye bunduki. Babu yangu mzaa baba alikuwa wa ukoo wa Kisafwa. Kwa hiyo, katika nyumba moja, mimi nina bibi aliyetokana na waliokuwa ndani ya ukuta, na babu aliyetokana na waliotawaliwa kutoka ndani ya ukuta huo. Mke wangu ametokana na wale waliosababisha ukuta huo ujengwe.

Wajerumani walipokuja na mpango wa kumwangusha Mkwawa, Merere hakuona mvamizi. Aliona nafasi ya kurudi kwao. Aliungana nao. Baada ya Kalenga kuanguka, Wasangu walirejea Usangu chini ya kivuli cha bendera ya Kijerumani. Utengule ya Usafwa ikabaki bila mtawala wake. Wamisionari wa Kimoraviani, waliokuwa wameanza kazi Rungwe mwaka 1891, walifungua kituo chao hapo mwaka 1895. Jina likabaki. Ukuta ukasahaulika.

Vita vya panzi

Wahenga walisema, vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Methali hii huwa tunaitumia kulaumu panzi. Mimi nadhani inatupasa kwanza tumtazame kunguru alivyofanya kazi.

Wajerumani hawakuwa wengi. Katika nchi yote hii, maofisa wao Wazungu walihesabika. Kilichowapa ushindi, pamoja na mizinga, ni elimu waliyoikusanya kwa bidii juu ya nani anamwogopa nani. Kwa Merere walikuja kama wakombozi. Mwaka 1896 walimtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa, awe mtawala wa Wahehe chini yao, wakitumaini kwamba Wahehe watagawanyika. Miezi michache baadaye, mapema mwaka 1897, walimuua kwa tuhuma kwamba alikuwa akimsaidia ndugu yake kwa siri. Rafiki wa kunguru huliwa akishamaliza kazi.

Je, Merere alikuwa msaliti? Nimesoma insha nyingi za wanafunzi zinazosema hivyo kwa sentensi moja. Neno usaliti linahitaji kwanza kuwepo kitu cha pamoja kinachosalitiwa. Merere hakuwa na mkataba na Mkwawa. Alikuwa na kumbukumbu ya watu wake kufukuzwa na mifugo yao kutekwa. Tukimhukumu kwa kipimo cha taifa ambalo halikuwapo, itatubidi pia tumhukumu Munyigumba aliyewafukuza, na Wasangu wenyewe kwa walivyowatenda majirani zao kabla ya hapo. Hukumu hiyo haina mwisho, na haitufundishi lolote.

Hii haimwondolei Mkwawa ukuu wake. Mtu aliyelishinda jeshi la dola ya Ulaya kwa mikuki, akapoteza mji wake, akaendelea kupigana miaka minne bila mji, anastahili heshima yote tunayompa. Ninachokataa ni kumsimamisha peke yake, kana kwamba alikuwa akiishi katika nchi tupu yenye Wahehe na Wajerumani tu. Ukuta wa Kalenga ulikuwa mnene. Ulivunjwa siku ile na mizinga, lakini ulikuwa umeanza kuwa mwembamba miaka mingi kabla, kila jirani mmoja alipogeuzwa kuwa adui.

Fuvu linavyosafiri na ukuta usivyoweza

Kuna jambo moja linalonishangaza kila nikifikiria habari hizi. Fuvu la Mkwawa lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani imkabidhi Mwingereza fuvu hilo ndani ya miezi sita, na kifungu hicho hicho kilidai pia irejeshwe Kurani ya Khalifa Othman. Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana Edward Twining alilifuatilia hadi kwenye makumbusho ya Bremen, akalichagua kati ya mafuvu mengi yaliyokuwa yamerundikwa huko, na tarehe 19 Juni 1954 akamkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, pale pale Kalenga. Chifu huyo baadaye akawa Spika wa Bunge letu.

Waingereza hawakufanya hivyo kwa mapenzi tu. Jirani zetu Kenya walikuwa katikati ya vita vya Mau Mau, na utawala wa kikoloni ulihitaji marafiki. Hata hivyo, fuvu lilirudi, na watu walilia, na machozi yale yalikuwa ya kweli.

Mfupa unaweza kudaiwa katika mkataba, ukafungwa kwenye sanduku, ukasafirishwa. Ukuta hauwezi kurudishwa na mtu yeyote kutoka Bremen. Ulibaki hapa, mikononi mwetu, na sisi wenyewe ndio tulioulima, tukachukua mawe yake tukajengea, tukapitisha njia juu yake. Silaumu mkulima aliyefanya hivyo. Hakuna aliyemwambia kwamba lile ni zaidi ya jiwe.

Kutembea Utengule

Jumamosi iliyofuata, tukiwa tumesharudi nyumbani, tulitoka Mbalizi kwa miguu kuelekea Utengule. Safari hii hatukuhitaji basi. Tulipita pembezoni mwa mashamba ya kahawa, watu wakiwa katika kuchuma, milima ya Mbeya ikiwa mbele yetu bila wingu. Hapakuwa na makumbusho, wala kibao, wala mtu wa kutuongoza. Tulimkuta mzee mmoja akianika mahindi, tukamwamkia, akatuitikia na kutukaribisha viti. Nilimuuliza kuhusu mji wa Merere. Alisema jina hilo alilisikia kwa baba yake, kwamba palikuwa na mfalme aliyetoka Usangu, akaa, akaondoka. Akaelekeza mkono upande wa kilimani. "Walikuwa wanasema huko," akasema. Kisha akaniuliza kama serikali inataka kuchukua maeneo.

Swali hilo lilinichoma kuliko la binti yangu. Mwananchi akisikia mtu anauliza habari za kale za ardhi yake, jambo la kwanza linalomjia ni hofu ya kuhamishwa. Tumeifikisha historia mahali ambapo inamtisha mwenyeji.

Tulikwenda upande aliotuelekeza. Tuliona mawe mengi, kama yalivyo mawe katika mashamba yote ya huku. Mengine yamepangwa na wakulima kuzuia mmomonyoko. Binti yangu alishika moja, akaniuliza kama ni la ukuta. Nikamwambia kwamba jiwe halina cheti cha kuzaliwa, na kwamba ingehitaji wataalamu wa mambo ya kale waje wachimbe na kupima kabla mtu hajasema lolote. Akaliweka chini taratibu, pale pale alipolitoa.

Neno kwa watumishi wa umma na kwa wanafunzi

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo na ngome zilizojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baada ya hapo yanahitaji kutangazwa rasmi ndipo yapate ulinzi. Tafakari maana yake kwa Nyanda za Juu Kusini. Ngome ya Kalenga ni ya miaka ya 1880. Utengule ya Merere ni ya baada ya Wahehe kupata nguvu. Kipindi chote ambacho watu wetu walijenga kuta za mawe kimeangukia upande wa pili wa mstari wa sheria. Kwa hiyo ngome ya namna hii hailindwi na umri wake. Inalindwa na mtumishi wa umma atakayeandika dokezo, na kiongozi atakayelitia saini. Asipopatikana huyo, inabaki shamba.

Maombi yangu ni madogo. Maofisa utamaduni wa wilaya waandike masimulizi ya wazee wa Utengule sasa, wakati bado wapo, na wawahakikishie kwanza kwamba hakuna anayekuja kuchukua shamba la mtu. Walimu wa Mbalizi wawatoe wanafunzi darasani siku moja kwa mwaka, watembee hadi Utengule kwa miguu. Hilo halihitaji bajeti. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaotafuta mada za tasnifu waache kurudia maisha ya Mkwawa yaliyokwisha kuandikwa, wakawaulize Wasafwa waliishije wakiwa kati ya dola mbili zenye kuta. Na wanaharakati wanaodai mabaki ya wazee wetu yarudishwe kutoka Ulaya, madai ambayo ninayaunga mkono kikamilifu, wakumbuke kuuliza pia yale ambayo hayakuondoka yametunzwaje.

Jioni ile tulipokuwa tukirudi, jua likizama upande wa Songwe, nilimjibu binti yangu. Nilimwambia kwamba bibi yangu alitokana na watu waliokuwa ndani ya ukuta wa Utengule, kwamba wazee wa mama yake walikuwa ndani ya ukuta wa Kalenga, na kwamba wazee wa babu yangu hawakuwa na ukuta wowote. Walikuwa wakiogopana. Yeye ana damu ya wote watatu, kwa hiyo hawezi kuchagua upande bila kuwakana wengine wawili.

Alitembea kimya kwa muda. Kisha akasema kwamba atakapompigia simu bibi yake wa Iringa, atamwambia kwamba na sisi tulikuwa na ukuta wetu. Nikamwambia amweleze pia ulijengwa kwa sababu ya nani. Akacheka, akasema hilo atamwachia mama yake.